Natu na Nyota Mbili Zenye Ngozi Moja

Jirani yangu Natu ni mtu mpole, na upole wake umenichosha. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Nyeri mjini, mlango unaopakana na duka lao, na kila asubuhi humwona akiinama kugusa miguu ya kakake Manish kabla ya kufungua kufuli. Kumheshimu mkubwa si vibaya, kwetu pia tunaheshimu. Lakini kuna heshima inayomtunza mtu na kuna inayomla, na mimi Shiro sioni haya kulisema.

Zamani maduka yao yalikuwa mawili. Manish aliuza sare za shule, Natu aliuza kamera na saa, na katikati palikuwa na ukuta. Baba yao alipofariki, Manish aliona si vizuri ndugu kutenganishwa na matofali. Ukuta ukabomolewa. Kwanza soksi zikavuka, zikalala kwenye kabati la saa. Kisha zikafuata sweta. Siku hizi ukiuliza kamera unafunguliwa droo moja chini ya kaunta. Hata hivyo watu wa mjini humsalimu Natu kama tajiri mkubwa, kwa sababu anasimama kando ya Manish.

Jioni moja ya Januari, mbingu ikiwa safi, aliniita juu ya paa anakoweka darubini yake. Mkewe Falguni alituletea chai, akakaa nasi.

"Mama Mwai, hapo unaona nyota moja, lakini ziko mbili," Natu aliniambia.

"Ati mbili? Mimi naona moja, tena ndogo."

"Kila mtu anaona moja. Mwangaza ndio unasema ukweli. Unapanda, unashuka, kwa sababu moja inapita mbele ya ingine. Zinazungukana haraka, masaa tu, halafu zinaanza tena. Ziko karibu mpaka zimegusana."

Akanifananishia na mandazi mawili yaliyoshikana ndani ya mafuta hadi yakawa na ngozi moja. Zilianza mbalimbali, alisema. Upepo unaotoka kwenye nyota zenyewe uliondoka na sehemu ya nguvu ya mzunguko wao, zikasogeleana kidogo kidogo kwa miaka isiyosemeka, mwisho zikagusana. Tangu hapo ile kubwa huipa ndogo joto, ndiyo maana zote mbili hung'aa karibu sawa.

"Na ndogo inalipa nini?" nikauliza. Mimi ni mtu wa biashara.

"Mwili. Inampea kubwa mwili yake, pole pole."

"Mpaka lini?" Falguni akauliza.

"Mpaka ibaki kidogo sana, ishindwe kujishikilia. Hapo inazama ndani ya kubwa. Inawaka, inakuwa nyekundu, hata watu wa mbali wanaona. Halafu inabaki nyota moja. Wataalamu walishaona moja ikifanya hivyo."

Alisema hayo kwa furaha, kama mtu anayesimulia harusi. Falguni aliweka kikombe chini. Mimi nilishikwa na baridi, na haikuwa ile ya mlima.

Baada ya hapo Falguni alihangaika peke yake hadi akapata chumba cha duka Naro Moru, kando ya barabara. Wangeuza tochi, betri na kamera kwa wapanda mlima, na jioni Natu angewaonyesha wageni nyota. Natu alifurahi akapaka rangi kibao cha duka kwa mikono yake. Kilichobaki kilikuwa kijiko kimoja. Kwao mtu haondoki kwenda kwa jambo kubwa kabla mkubwa wa nyumba hajamlisha maziwa lala na sukari.

Manish hakukataa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Angekataa tungegombana naye. Alifunua kalenda yao ya siku njema, akasema wiki ile ilikuwa mbaya. Kisha zikaja sare za muhula mpya. Kisha akaumwa goti. Kila mara aliongea taratibu, akaweka mkono kichwani pa mdogo wake, na Natu akarudi kaunta uso ukimng'aa.

"Natu, kwani hiyo kijiko inajua mkono ya Manish peke yake?" nilimwambia. "Enda."

"Mama Mwai, sikio haiwezi kupita kichwa."

"Na kikulacho ki nguoni mwako," nikamjibu, lakini alikuwa ameshakwenda kumpimia mtoto sweta.

Mvua za Aprili zilipoanza, nilimsikia akikohoa kikohozi cha Manish. Mteja akimwuliza jambo, alimtazama kakake kwanza. Nikimwuliza hali yake, alijibu, "Tuko sawa." Juu ya paa katoni za kaptura zilirundikwa hadi darubini ikafichika. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anapungua tu, nami nilimwogopea.

Julai, ukungu ukiwa umekaa mjini, mwenye chumba cha Naro Moru alisema amechoka kungoja. Falguni akafunga mizigo. Binti yao Tejal aliketi ndani ya pikapu, injini ikinguruma, nami nilikuwa dukani kuwaaga. Falguni aliingia na bakuli, akachota, akainua kijiko hadi midomoni pa mumewe.

"Mimi pia niko mkubwa kwa nyumba yako," alisema. "Fungua mdomo, twende."

Manish aliendelea kukunja kaptura, wala hakuinua macho. Natu alikitazama kijiko. Kisha akageuza kichwa kumtafuta kakake. Falguni alingoja hadi maziwa yakadondoka sakafuni, akaweka bakuli juu ya kaunta, akatoka. Pikapu ikashika njia ya Kiganjo, kuelekea Naro Moru.

Hasira zilinipanda, nikamkamata Natu mkono wa shati. "Kimbia, wewe. Gari haijafika mbali."

Alinitabasamia.

"Mama Mwai, nikitoka saa hii," alisema, "ni nini yangu itatoka?"

Manish alimwita ashike ngazi, naye akaenda.