Kilomita Sifuri Kutoka Nyumbani

Wiki iliyopita nilimsindikiza mpwa wangu kuripoti chuoni, hapa hapa Mwanza. Kwenye dirisha la mabweni, mbele yetu alisimama binti aliyekumbatia godoro lililofungwa kwa kamba ya nyavu, akimwamkia karani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kutoka kwenu hadi hapa ni kilomita ngapi kwa barabara?"

"Kwetu ni kisiwani, mama. Nimepanda mtumbwi, kisha meli."

"Sijauliza ulichopanda. Nimeuliza kilomita za barabara."

Binti akafikiri, akajibu kwa adabu zote, "Basi hakuna hata moja."

Karani akaandika sifuri kwenye fomu ya kompyuta, akasubiri, akasukuma miwani juu ya pua.

"Mfumo unasema unaishi karibu na chuo. Mabweni ni ya wanaotoka mbali."

"Mama, nimesafiri siku mbili!"

"Mimi nakuamini, mwanangu. Mfumo ndio haukuamini."

Mpwa wangu anatoka Usagara, hapa jirani, kilomita ishirini hivi za barabara. Akisahau daftari anaweza kulifuata na bado akawahi kipindi cha mchana. Yeye kapewa kitanda, tena cha chini. Nilifurahi kidogo, kisha nikaona aibu.

Waliotunga fomu ile wanakula sangara kila wiki. Sijui wanadhani huyo samaki naye huja kwa lami.

Binti hakugomba. Alifungua kamba, akatandika godoro chini ya dirisha, akavua viatu na kuvipanga vizuri.

Karani akachungulia. "We binti, unafanya nini hapo?"

"Nimefika nyumbani, mama. Si mfumo umesema?"