Sabuni Yangu na Majoho ya Kwaya

Jamani, aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na watu wa kwetu Uru wakiniona bado wanaziba mdomo kwa kiganja, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine wakatia chumvi (ingawa, kusema kweli, haihitaji chumvi).

Nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwandani Moshi mjini, enzi zile kila mtu anaambiwa ajitegemee, nimerudi nyumbani kwenye migomba, mke wangu Mama Eli anakwenda shambani na mimi nimekaa barazani kama mgeni. Usharika wetu wa kanisa ukaleta semina ya kutengeneza sabuni, ya akina mama, nami nikaingia nikakaa nyuma, mwanamume peke yangu. Mkufunzi, mama mmoja wa Majengo, akatuambia mafuta yachemshwe na kuchujwa kwa kitambaa, kostiki soda, ile dawa kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni, ipimwe kwa mizani, na sabuni ikae mwezi mzima kabla ya kutumika. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuandika hata neno moja.

Nyumbani nikachukua mafuta ya ng'ombe kwa mchinjaji, yana vipande vya nyama ndani, nikayachemsha bila kuchuja (niliona ni kupoteza muda), na ile kostiki, kwa kuwa pale semina niliiona ikichemka yenyewe bila moto nikaiogopa, nikaweka nusu kwa kukadiria na kikombe. Baada ya siku tatu nikawa na kitu cha kahawia, laini, kinachoteleza kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mama Eli akainama akanusa.

"Baba Eli, hii ni sabuni au kitoweo?"

"Ni sabuni ya asili."

"Basi isiguse nguo zangu."

Ningemsikiliza, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini Alhamisi kwenye mazoezi ya kwaya, Mwalimu Elinami, aliyekuwa akituongoza (mtu mkali, anaweza kusimamisha wimbo mzima kwa sababu mmoja kakohoa), akauliza nani atafua majoho kwa ajili ya Sikukuu ya Mavuno, maana Mkuu wa Jimbo la kanisa letu anakuja. Nikanyoosha mkono.

"Wewe? Wa besi?"

"Mimi, Mwalimu. Na kwa sabuni niliyotengeneza mwenyewe."

Wakanipigia makofi, na makofi, ndugu zangu, ni kitu kibaya sana kwa mtu asiye na kazi.

Majoho ishirini na mawili, meupe. Povu halikutoka, nikaongeza sabuni, halikutoka tena, nikaongeza tena. Yalipokauka yalikuwa mazito kidogo, nikajiambia huo ndio ubora. Jumamosi nikawasha pasi ya mkaa, na pasi ilipogusa joho la kwanza ukapanda moshi mwembamba wenye harufu ya nyama inayobanikwa, hata jirani akapiga hodi kuuliza tuna sherehe gani. Nikapiga pasi yote ishirini na mawili.

Jumapili tukajipanga nje ya kanisa. Mbwa wa kwanza alikuja taratibu, akanusa pindo la mama mmoja wa soprano, akatingisha mkia. Akaja wa pili. Kengele ilipolia walikuwa tisa, na tulipoingia kwa maandamano tukiimba, wawili wawili, nao wakatufuata nyuma, wametulia kabisa kama wamebatizwa.

Kule mbele kulikuwa na mazao ya sadaka, mikungu ya ndizi, mahindi, mbuzi mmoja, na kuku waliofungwa miguu. Kuku walipoona mbwa, kamba hazikufaa kitu. Jogoo akarukia mimbarini, mbuzi akaangusha mikungu, na mbwa wala hawakuwa na habari nao, walitutaka sisi! Mwalimu Elinami, aliyewapa waumini mgongo, alihisi kitu kinamlamba pindo, akarusha teke kwa nyuma bila kuacha kuongoza wimbo, mbwa akang'ata joho akavuta, praaa, likachanika hadi kiunoni.

Wimbo ukafa. Mkuu wa Jimbo, mzee mpole, akauliza polepole, "Nani amefua haya majoho?"

Kwaya nzima ikageuka kunitazama. Na mimi nikageuka nikatazama nyuma, na nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Wazee wa kanisa wakatuamuru tuyavulie nje, na kwa kuwa nilijua joho litanifunika, ndani nilikuwa nimevaa shati lenye tundu mgongoni linaloingia ngumi, basi tuliporudi ndani nikaimba nyimbo zote zilizobaki nikiwa nimeuegemea ule ukuta. Jumatatu akina mama wa kwaya walifua majoho upya kwa sabuni ya dukani, mara tatu, mimi nikibeba maji kutoka mferejini, na hakuna aliyenisemesha isipokuwa Mwalimu Elinami, aliyekuja na joho lake lililochanika, sindano na uzi, akaniwekea mapajani. "Shona," akasema.

Sabuni nilikuja kuiweza baadaye, kwa mizani, kwa kuchuja, na kwa subira ya mwezi mzima. Ila nimeapa, kila sabuni ninayotoa naivaa kwanza mwenyewe, kwenye shati langu, nashuka nayo hadi barabarani na kurudi, na mbwa hata mmoja akinifuata, naifukia.