Saa Saba za Kapteni Festo Pale Mikumi

Nimeandika hii post na kuifuta mara nne. Akili yangu bado inasubiri Festo apige simu aseme, "Karani, nimeshatua, niandikie saa."

Hatapiga. Tumemzika juzi kwao Kimamba, Kilosa. Na nina hasira, kwa hiyo anayetafuta maneno matamu ya msiba apite tu, hapa hayapo.

Kwa msiomjua: Kapteni Festo alikuwa rubani wa ndege ndogo zinazopeleka watalii Mikumi. Mimi niko ofisini Dar, upande wa ops, wanaopanga safari, najaza roster na saa za kazi za marubani. Tulisoma darasa moja Kimamba, na hii kazi yeye ndiye aliyeniambia niiombe.

Shuleni alikuwa anachora ndege kwenye jalada la daftari la hesabu. Mwalimu akamchapa. Kesho yake akachora nyingine, mwalimu yumo ndani anatapika. Jamani tulicheka mpaka tukatolewa nje!

Babu yake alikuja Kilosa enzi za Mwingereza, manamba kutoka Songea, kukata mkonge. Familia bado wanayo kadi yake ya kipande, wameitunza kwenye kopo la majani ya chai. Ina vyumba thelathini, kila chumba siku moja. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, karani anaweka alama. Likipungua tita moja la mkonge, siku yote haihesabiwi, hata kama umekata tangu alfajiri na mikono inatoka damu. Kadi ile ya siku thelathini ilimchukua babu karibu miezi miwili.

Siku Festo aliponionyesha ile kadi ndipo alipoanza kuniita Karani. Nilidhani ni utani.

Sikilizeni sasa. Kampuni yetu inahesabu saa za rubani injini ikiwa inazunguka tu, na overtime inapigwa kutokana na hizo. Festo anashusha wageni Mikumi asubuhi, anawasubiri wakaangalie tembo, siku nyingine saa saba nzima. Kwenye karatasi naandika neno moja: mapumziko.

Mapumziko gani? Anafukuza nyani wasipande bawa. Anazunguka uwanja na askari wa wanyamapori kuondoa swala kabla ya kuruka. Mgeni akiumwa ghafla, lazima awashe ndege dakika hiyo hiyo. Hata chooni alikuwa anakwenda huku anageuka nyuma kuitazama.

Kuna siku wanakaa marubani watatu wa kampuni tatu kwenye kivuli cha bawa moja, wanagawana chapati. Mmoja analipwa tangu aripoti uwanjani mpaka asaini karatasi ya mwisho. Wa pili analipwa nusu kwa saa za kusubiri. Wa tatu ni Festo wetu, eti anapumzika! Jua lile lile, nyani wale wale.

Alinipigia akiwa hapo. "Karani, babu walimkatia siku kwa tita moja. Wewe unanikatia saa saba kwa neno moja. Afadhali karani yule alihesabu kwanza."

Nikamwambia, "Kaka, mimi naandika ninachoambiwa."

"Na yule naye alikuwa anaambiwa." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Alianza kuweka daftari lake mwenyewe. Kila mwezi alichora vyumba thelathini kama vya babu, na ndani ya kila chumba akaandika saa alizoingia na saa alizotoka. Ofisini tulimcheka. Mimi pia nilicheka.

Wiki iliyopita alifanya kazi siku sita mfululizo. Siku ya sita, saa nane mchana, akamkabidhi mwenzake ndege pale pale Mikumi, likizo imeanza. Akachukua pikipiki yake aliyokuwa anaiacha Mikumi mjini, akashika njia ya Kilosa. Mama yake alikuwa ameshaweka wali jikoni.

Alipita kijiji cha Ulaya. Mbele kidogo pikipiki ikaacha barabara, mchana kweupe, hakuna mvua, hakuna gari lingine. Mkulima aliyemwona anasema kichwa kilikuwa kimeshainama kabla hajatoka njiani. Alikuwa amelala.

Hata vumbi la makaburini hatujakung'uta, mtu wa kampuni anamfuata mke wa Festo, Mama Neema, anamwambia fidia haipo. Marehemu alikuwa nje ya kazi. Na uchovu usisingiziwe, kwa sababu rekodi zinaonyesha siku ile alipumzika saa saba. "Alikuwa fresh kabisa, shemeji." Shemeji! Ameshika karatasi mkononi, na sahihi ya chini ni yangu.

Mama Neema akanigeukia. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Wifi, ni kweli alipumzika?"

Nilishindwa kumjibu mbele za watu. Nikajifanya natafuta leso.

Najibu leo, mbele za watu wengi zaidi. Hapana, wifi. Hakupumzika. Niliandika uongo siku ile na siku nyingine nyingi, kwa sababu niliogopa kupoteza kazi. Asubuhi hii nimepeleka daftari lake, nililoliomba nyumbani kwao, ofisi ya kazi ya serikali, pamoja na barua yenye jina langu kamili na maelezo ya nani aliniambia niandike nini. Bosi, najua unasoma. Piga screenshot taratibu, sifuti.

Na nyie wenzangu wa ops kwenye kampuni nyingine, mnajua mnachoandika.

Kaka Festo, chumba cha siku ya sita ulikiacha wazi. Nimekijaza kabla sijalipeleka daftari: kazini, saa kumi alfajiri mpaka saa nane mchana. Karani wako ameweka alama. Amechelewa, nisamehe.

Yale ya Mikumi yalikuwa kazi. Sasa ndiyo unapumzika. Lala, kaka yangu.