Jenerali Anapokunja Shuka

Jenerali mstaafu ambaye nimeajiriwa kumwandikia kitabu cha maisha yake hupiga pasi mwenyewe. Hunyunyiza maji kwa vidole viwili, taratibu, huku akinisimulia bila kusita vita alivyopigana, nishani alizovishwa, hata ugomvi wake na mawaziri. Lakini tukifika tu siku ile askari wake walipowafyatulia watu risasi sokoni, anakumbuka kwamba kuna shuka halijakunjwa. "Shika huku, mwanangu," ataniambia, nami na shahada zangu mbili naweka kalamu chini na kushika. Mchapishaji ameshanionya kuwa bila siku hiyo hakuna kitabu. Kufikia sasa nimehitimu kukunja mashuka. "Wewe angalau unanyoosha pembe," mkewe alinitania jana kutoka jikoni. "Mwandishi aliyekutangulia alikuwa akikunja kama anafunga mzigo wa kuni!"

Leo nilijikaza. Tukiwa tumelivuta shuka katikati yetu, nikamuuliza ni nani aliyetoa amri. Yeye akautazama mkunjo, akaunyoosha kwa dole gumba, akaunyoosha tena. "Mimi," akasema. "Hakuna aliyenituma. Haya, andika kabla sijaghairi." Na mimi, niliyelisubiri neno hilo miezi yote hii, nikabaki nimetoa macho, mikono miwili imeng'ang'ania pembe, naogopa kuliachia shuka la mzee lisije likagusa sakafu.