Pengo Katika Mstari wa Nyuma

Jina la Kiwembe alipachikwa kwa sababu ya ulimi wake. Kila Alhamisi saa nne asubuhi aliingia studio ya redio, akavaa hedifoni, akaichambua filamu moja kwa dakika ishirini. Filamu mbovu ikipita mikononi mwake ilitoka mifupa mitupu. Wasikilizaji walimpenda kwa hilo. Wenye kumbi za sinema walimsalimia kwa meno ya mbele tu.

Aliishi na dada yake mkubwa, fundi wa nguo, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo sebule yake ndiyo ilikuwa karakana. Cherehani ilikuwa ya umeme, maana mguu wa kulia wa Fundi haukuweza kukanyaga. Ulivunjika mahali pawili, ukaungwa vibaya, ukabaki mfupi kuliko mwenzake kwa vidole viwili. Wateja wote walijua habari hiyo. Walijua kwamba dada hao wawili walikuwa wanenguaji ujanani, wakicheza nyuma ya mwimbaji ambaye mashabiki walimwita Malkia, na kwamba siku moja ubao wa jukwaa ulivunjika, Fundi akatumbukia. Lakini kuna jambo moja ambalo hawakulijua, nalo lilikaa kwa Kiwembe miaka kumi na tisa kama mwiba wa samaki kooni. Haumuui mtu, ila kila akimeza anajua upo.

Wiki hiyo filamu ya kuchambua ilikuwa katuni ya Kijapani, zile ambazo vijana wanaziita anime. Binti wa Fundi, msichana wa miaka kumi na mitano ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa kuwa hafungi mdomo, alipopata habari nusura arukie dari.

"Mama mdogo, hiyo ni ya waimbaji watatu na wanenguaji wao! Ukienda bila mimi, mimi na wewe basi."

Kituo kilitoa tiketi tatu. Fundi alisema ana sare kumi na mbili za shule za kumalizia, hana muda wa kutazama vikaragosi. Chiriku akamng'ang'ania mpaka akavaa viatu.

Walikaa safu ya sita, Fundi katikati. Kwa saa nzima ya kwanza Kiwembe aliandika gizani bila kutazama daftari, kama alivyozoea. Aliandika kwamba nywele za waimbaji wale watatu zimechorwa kwa upendo, unaweza kuzihesabu unywele mmoja mmoja. Akaandika kwamba wanenguaji saba wa nyuma hawana sura. Kamera ikisogea karibu wanapewa pua. Ikirudi mbali hawana macho wala mdomo, uso mtupu kama yai. Chini yake akaandika: "Mchoraji alichoka kabla ya kuwafikia." Akatabasamu peke yake. Sentensi hiyo ingewafurahisha watu Alhamisi.

Kisha likaja tukio lile.

Katikati ya wimbo, mnenguaji wa nywele fupi anateleza kwenye ngazi za jukwaa na kuanguka nyuma ya pazia. Mwenzake wa pembeni anamwona. Kwa mara ya kwanza mnenguaji anachorewa macho makubwa, yenye chozi. Halafu anasogea hatua mbili kushoto, anaziba pengo, anatabasamu. Muziki ukapanda, ukumbi mzima ukapiga makofi. Picha iliyofuata ilikuwa hospitalini: aliyeanguka amemshika mkono mwenzake, anamwambia, "Asante kwa kuulinda wimbo wetu."

Kalamu ya Kiwembe ilisimama. Pembeni yake, mkono wa Fundi ulikuwa umeganda ndani ya pakiti ya bisi.

"Asante?" Fundi alinong'ona. "Aliyeandika hayo hajawahi kuvunjika hata ukucha." Kisha akaongeza, "Utadhani wamemchora yule Twiga."

Twiga alikuwa mnenguaji mwenzao, msichana mrefu kupita wote. Siku ya ajali Fundi alikuwa katikati ya mstari, Kiwembe kulia kwake, Twiga kushoto. Ubao ulipokatika, Fundi alitumbukia mpaka kifuani, mguu umekunjwa chini ya vyuma. Alipoinua macho aliona viatu viwili vya rangi ya fedha vikija, vikasimama mbele ya uso wake, vikaendelea kucheza. Wanenguaji wote walivaa viatu vya namna hiyo. Hospitalini Kiwembe alimwambia, "Sikukuona, Dada. Nilidhani umetoka jukwaani." Basi akabaki mmoja tu wa kulaumiwa. Twiga alipokuja na machungwa, Fundi aligeukia ukuta. Twiga alipoleta kadi ya harusi yake, kadi iliingia jikoni, ikawashiwa mkaa.

Viatu vile vilikuwa vya Kiwembe.

Mwalimu wao wa shoo aliwafundisha sheria moja kuliko zote: mstari hauvunjiki, mwenzako akianguka, ziba. Kiwembe alikuwa na miaka ishirini na mmoja na alikuwa na hofu ya kurudishwa nyumbani. Alimwona dada yake akizama. Aliuona mdomo wake ukifunguka, ingawa ngoma zilimeza sauti. Akasogea hatua mbili, akatabasamu, akamaliza wimbo. Dakika nne. Baada ya hapo Malkia alimpiga bega na kumwambia ana moyo wa kazi. Na miaka yote iliyofuata, kila Fundi alipolitukana jina la Twiga, Kiwembe alikuwepo chumbani, akasikia, akaendelea kukunja nguo.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Chiriku hakunyamaza.

"Mama mdogo, wewe ungekuwa yule, ungeziba?"

Kiwembe alifungua mdomo. Fundi akamtangulia.

"Mama yako mdogo? Thubutu! Huyu angejitupa shimoni kunifuata."

Alisema kwa sauti ya kujivuna, akiwa ameushika mkono wa mdogo wake ili avuke mtaro. Kiwembe aliona afadhali angepigwa kofi.

Jioni ile alisimama mara mbili kwenye mlango wa karakana. Mara ya kwanza Fundi alikuwa na pini mdomoni. Mara ya pili alimuuliza, "Una nini wewe, mbona unazunguka kama kuku anayetaka kutaga?" Kiwembe akasema anatafuta mkasi.

Asubuhi, mtangazaji wa kipindi, kijana mcheshi mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, alimpokea kwa onyo.

"Leo taratibu, dada yangu. Watu wanaipenda hii filamu vibaya mno. Ukiikata sana watakuja kutuchoma moto."

Taa nyekundu ikawaka. Kiwembe alianza na nywele, akaja kwenye nyuso zisizo na macho, mtangazaji akacheka mahali alipotarajiwa kucheka. Zilibaki dakika saba. Kiwembe alikuwa ameamua kulipita tukio lile kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake.

"Lakini hebu tuwe wakweli," akasema mtangazaji. "Pale anapoziba pengo! Ukumbi mzima ulilia. Na wewe, wasikilizaji wengine hawajui, umewahi kucheza jukwaani. Ni kweli huwa hivyo?"

Kiwembe hakujibu. Katika redio, ukimya wa sekunde tatu ni kama mtu kuzimia. Mtangazaji akamtolea macho, akazungusha kidole hewani: sema, sema.

"Kuziba ni kweli," Kiwembe akasema. "Uongo ni lile chozi. Na uongo mkubwa zaidi ni ile asante. Filamu hii imemlilia mtu asiyestahili kuliliwa. Inamwacha aliyevunjika alale kitandani amfariji aliyemruka. Nayajua haya kwa kuwa mimi ndiye niliyeziba. Dada yangu alikuwa shimoni, anaita, mimi nikasimama mbele ya uso wake nikacheza dakika nne. Nikamwambia sikumwona. Nikamwacha amchukie mtu mwingine miaka kumi na tisa, mtu ambaye hakusogea hata hatua moja. Sina zaidi kuhusu filamu hii."

Mtangazaji alirusha tangazo la sabuni. Lilikuwa limepangwa dakika sita mbele.

Kiwembe alimpigia dada yake simu mara nne. Iliita bila kupokelewa. Alitembea kurudi nyumbani haraka. Mlangoni alikutana na mteja anatoka na kitambaa chake hakijakatwa, hakumtazama usoni. Ndani, cherehani ilikuwa imezimwa. Redio ilikuwa imezimwa pia.

Fundi alikuwa amekaa na futi ya kupimia shingoni.

"Viatu vile vilikuwa vyako," akasema.

"Ndiyo, Dada."

"Hospitali ulinilisha uji kwa kijiko. Unanilisha, unaniambia hukuniona."

"Ndiyo."

"Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nimeshona nguo maisha yangu yote nisikione." Alicheka kicheko kikavu, kikaisha ghafla. "Na mbona umewaambia watu wote kabla yangu?"

"Nimejaribu kukwambia, Dada. Mara nyingi. Tukiwa wawili nashindwa."

"Kule una hadhira. Wewe bila hadhira huwezi hata kutubu."

Ulimi uliokuwa ukiwanyoa wengine haukumsaidia Kiwembe kitu. Alipiga magoti sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa, na Fundi akamwambia ainuke, asimchafulie mambo.

"Twiga yuko wapi siku hizi?"

"Ana duka la dobi. Nyuma ya stendi."

"Umejuaje?"

"Huwa napita."

"Huwa unapita," Fundi akarudia polepole. "Unapita, unamwona, unakuja hapa unakula na mimi." Akashika ukingo wa meza, akasimama. "Nipe fimbo yangu. Unanipeleka sasa hivi."

Walikwenda kwa miguu. Kila penye ukingo wa barabara Kiwembe alinyoosha mkono, na kila mara Fundi aliuangalia kama kitu kilichodondoshwa na mtu mwingine, akapanda mwenyewe.

Dobi la Twiga lilikuwa chumba kimoja chenye joto, mashati yamening'inia mpaka mlangoni. Mwenyewe alikuwa anapiga pasi shuka, ameinama kidogo kwa sababu ya urefu wake. Alikuwa amenenepa na kuota mvi upande mmoja. Alipowaona hakushtuka.

"Nimesikia," akasema. "Redio hapa iko wazi kutwa."

Fundi alisimama katikati ya mashati.

"Ulikuwa unajua ni nani?"

"Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Ningeachaje kujua?"

"Mbona hukusema?"

"Uligeukia ukuta. Nimwambie ukuta?" Twiga alisimamisha pasi wima. "Na hata kama ungenisikiliza. Huyu ndiye aliyekuwa anakubeba kwenda msalani. Ningesema, nyumbani ungerudi na nani?"

Fundi akaanza kusema neno, Twiga akainua kiganja.

"Usinishukuru. Mwanzoni nilikuonea huruma. Baadaye nikawa na hasira nanyi wote wawili. Baadaye tena nikawa na nguo za watu za kufua, sikuwa na nafasi ya hasira." Kisha akamgeukia Kiwembe, kwa mara ya kwanza. "Wewe kasubiri nje."

Kiwembe alitoka. Alisimama kwenye baraza nyembamba, karibu na bomba la maji machafu, jua likimpiga usoni. Alisikia sauti mbili ndani bila kuokota maneno. Mara sauti ya dada yake ilipanda, mara ya Twiga ikaikata. Mara moja mtu alilia, hakuweza kujua ni yupi. Kuna wakati zote zilinyamaza muda mrefu hadi akausogelea mlango, kisha akarudi alipokuwa, maana alikuwa ameambiwa asubiri.

Ilipita saa nzima na zaidi. Fundi akatoka macho mekundu.

"Twende," akasema. "Na usiniulize."

Filamu iliendelea kujaza ukumbi wiki tatu. Barua zilikuja kituoni, nyingine zikimsifu Kiwembe, nyingine zikitaka afukuzwe. Mkuu wa kituo akasoma zote na kumwacha aendelee. Nyumbani hakufukuzwa, lakini kwa miezi miwili dada yake alizungumza naye kupitia kwa Chiriku: mwambie mama yako mdogo umeme umeisha, mwambie alete uzi mweusi. Chiriku alifikisha salamu hizo hata walipokuwa wote watatu meza moja, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza neno lake.

Siku hizi wanasemezana moja kwa moja, mambo ya uzi na chumvi, na mara chache zaidi ya hayo. Twiga huja Jumapili mchana. Fundi humvutia kiti chenye mgongo, nao huongea mpaka jua linapoanza kushuka. Kiwembe huchemsha chai, huwapelekea vikombe viwili, huwasalimia kwa heshima, kisha huenda kunywa chake jikoni. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na mpaka sasa hakuna aliyemwambia aache.