Cucu Alivyokataa Kutuhesabu

Kila ninaponusa vumbi la chaki naiona tena ploti yetu ya Skuta, hapa Nyeri: vyumba vya mawe vilivyopangwa mstari mmoja, kamba za nguo, na baridi ya asubuhi ikishuka kutoka mlimani. Mwenye ploti tulimwita Cucu, yaani nyanya kwa Kigikuyu, hata sisi tuliotoka mbali. Mama na mimi tulitoka Kitui.

Mwaka wa sensa nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa mpishi katika hoteli karibu na stendi, na siku ya kuhesabiwa hakupewa ruhusa. Kabla ya kutoka alinishika mabega.

"Mwende, karani akija useme tuko wawili. Tusipoandikwa, ni kama hatujawahi kukaa hapa."

Niliitikia kwa kichwa. Wacha niwaambie ukweli: mbele ya mgeni ulimi wangu ulikuwa unakauka kabisa. Hata mwalimu alikuwa amechoka kuniuliza maswali.

Karani alikuja na chaki ya kuandika namba milangoni. Nikachungulia kwa pazia. Alimkuta Cucu akipanga kabichi za kupeleka soko la Chaka.

"Cucu, hii ploti iko na watu wangapi?"

Cucu hakuinua kichwa. "Kabichi ni arobaini na mbili. Watu sijui."

"Ati hujui watu wako?"

"Nawajua wote, hata yule anakoroma. Lakini watu si kabichi, kijana. Mimi nitakwambia majina. Kuhesabu ni shauri yako."

Akamtembeza mlango kwa mlango. Hapa ni polisi kutoka Kisii, na bibi yake, na watoto, akawataja mmoja mmoja. Hapa mwalimu wa Busia, alikuja na godoro na redio tu. Hapa fundi wa cherehani kutoka Kutus, alihamia wakati huko nyuma kulikuwa bado msitu wa miwati. Nilisikiliza nikishangaa. Kumbe mji ulikuwa umekua hivyo, godoro baada ya godoro, na mwanamke mmoja mzee alikuwa ameushika wote kichwani.

Wakafika kwetu.

"Hapa ni Mama Mwende, wa Kitui. Na Mwende."

"Mlango umefungwa," karani akasema. "Nikikosa mwenyewe wa kuniambia, naandika nyumba ni tupu."

Akainua chaki. Niliona tunafutwa Nyeri, mama na mimi. Nikafungua mlango na kusema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Tuko wawili."

Karani akaandika. Lakini Cucu alinitazama kama niliyevunja chungu, kisha akajitemea mate kidogo kifuani, jinsi wazee wa huku wanavyobariki. Wakati huo sikujua maana yake; nilidhani nimemkosea adabu. Nilimkwepa wiki nzima.

Siku hizi Skuta ina maghorofa, na wageni hawaishi kuingia. Juzi tu binti wa Cucu alinieleza kwamba wazee wao hawataji idadi ya watoto wao, wakiogopa kifo kisije kikasikia kikapunguza. Cucu alizaa wengi, na hakuna aliyewahi kusikia idadi yao kinywani mwake.

Sisi tulikuwa wapangaji tu, watu wa kuja na kuhama. Angeweza kututaja kwa namba bila wasiwasi wowote. Lakini hata sisi alituogopea.