Figo Niliyoiahidi

Kaka yangu alianguka kwenye shimo la dhahabu huko Chunya, akaangukia gogo lililolazwa kuzuia udongo. Aliliangukia kama mtu anayepanda punda, uzito wote ukaishia katikati ya mapaja. Wenzake walicheka, naye akacheka pamoja nao. Jioni alikojoa damu, na kesho yake mkojo haukutoka kabisa. Siku ya tatu walimpakia kwenye lori la tumbaku, tumbo limejaa kama la mjamzito, wakamfikisha hospitali. Huko walimtoboa chini ya kitovu, wakaingiza mpira, mkojo ukatoka, akapona. Lakini njia yake ya mkojo ilipopona ilibaki na kovu, na kovu lile likawa linaibana kidogo kidogo.

Wakati huo mimi nilikuwa muuguzi Iringa, wodi ya wanaume, sina hata miaka miwili kazini. Tulikuwa na daktari wa upasuaji, mzungu mzee, aliyejua kuzipanua njia za namna hiyo, kwa hiyo kaka alitumwa kwetu. Alipanda basi asubuhi, akashuka Ipogolo, akapandisha kilima kwa miguu mpaka mjini, akisimama kila mara nyuma ya vichaka kujikamua matone.

Daktari alikuwa na vyuma vilivyopinda nchani, vimepangwa kwenye trei kutoka chembamba kama sindano ya kufumia hadi kinene kama penseli. Unaanza na chembamba, unakipitisha polepole, unakitoa, unachukua kinachofuata. Dawa ya ganzi ilikuwa kidogo, ikawekwa kwa wale wanaopasuliwa. Siku hiyo wa kushika trei nilikuwa mimi. Kaka aliponiona nimesimama miguuni pake alivuta shuka mpaka kifuani, akaniomba kwa lugha ya nyumbani nitoke, aje mwingine. Mwenzangu wa zamu alikuwa na wodi nzima mikononi, hakukuwa na mwingine. Kwetu dada haoni uchi wa kaka yake. Niliuona, na yeye aliona kwamba nauona.

Kwenye chuma cha tatu alianza kulia. Hakuwa mtu wa kulia. Alilia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikamwambia, "Kaka, wanawake wanazaa. Wewe unalilia kijiti?"

Nilisema kwa Kiswahili, na kwa nguvu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka. Nilikuwa kijana, nilitaka daktari aone kuwa mimi ni muuguzi asiyetetereka. Kaka alinyamaza hapo hapo, na hakutoa sauti tena mpaka kazi ilipokwisha.

Daktari alieleza, nami nikatafsiri, kwamba lazima arudi kila mwezi, pengine maisha yake yote, kwa sababu kovu halichoki kubana. Alirudi mara mbili. Zamu zote mbili niliona anavyotazama mlangoni kujua kama ni mimi nitakayeingia. Mwezi wa nne hakuja. Aliniandikia barua kwamba anakojoa vizuri, nisiwe na wasiwasi. Nilijua si kweli, maana kovu la namna ile haliponi kwa barua. Sikumfuata.

Miaka miwili baadaye nilihamishiwa hospitali moja Mbeya, karibu na nyumbani. Huko ndiko walikomleta kaka. Uso ulikuwa umevimba, macho yamebaki nyufa, miguu ukiibonyeza inabaki na shimo. Alikuwa na kwikwi isiyokatika, na pumzi yake ilinuka mkojo. Kwenye ngozi ya shingo kulikuwa na unga mweupe kama chumvi iliyokaukia kwenye sufuria. Mke wake alikuwa amekwisha kurudi kwao. Kwa miaka miwili yote alikuwa akikojoa matone, mkojo ukirudi nyuma na kuzijaza figo mpaka zikaoza, naye hakumwambia mtu. Tulimtoboa tena, mpira ukaingia, mkojo ukatoka mwingi, mweupe kama maji. Kwa siku mbili nilifurahi. Kisha majibu ya damu yakaja, daktari akayatazama, akakunja karatasi.

Huyu daktari alikuwa kijana wa kwetu, aliyerudi karibuni kutoka masomoni nje. Alikuwa mtu mwema, mwenye kupenda kuzungumza. Akiwa amesimama kando ya kitanda, aliniambia mbele ya mgonjwa, "Kule nilikosoma, mtu kama huyu angewekewa figo ya ndugu yake. Ndugu anabaki na moja, na wote wanaishi."

Kaka alifumbua macho. Mimi nilimfuata daktari koridoni nikamwuliza kama jambo hilo linawezekana hapa. Alinitazama kwa mshangao. Akaniambia hatuna hata mashine ya kusafisha damu, nchi nzima hakuna anayefanya upasuaji huo, na kumpeleka nje mgonjwa wa hali ile ni ndoto. Alisema alikuwa anazungumza tu. Kisha akaniagiza nimweleze ndugu yangu taratibu, asije akakaa na tumaini la bure.

Sikumweleza siku ile. Nilijiambia nitamweleza kesho, akipumzika. Kumbe kaka alikuwa amekwisha kumtuma mgeni wa kitanda cha pili apeleke habari nyumbani.

Kesho yake saa ya kuona wagonjwa, baba alifika na mdogo wetu wa mwisho. Walikuwa wameshuka milimani kwa miguu tangu alfajiri, suruali zimelowa umande. Baba alitaka tukae nje, tukamtoa kaka kwa kiti, tukamweka juani nyuma ya chumba cha kufulia, amejifunika blanketi la hospitali. Baba hakuzungusha maneno. Alisema amesikia kwamba figo ya ndugu inaweza kumwokoa ndugu, na angetoa yake lakini ni ya mzee, imechoka. Kwa hiyo anatuuliza sisi wawili.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Sentensi moja tu ingetosha: baba, haiwezekani, daktari alikuwa anazungumza tu. Nilikuwa nayo ulimini. Lakini baba alianza na mdogo wetu, nami nikanyamaza. Nitasema kweli: nilitaka kusikia atajibu nini.

Alikuwa kijana mwenye nguvu kuliko wote nyumbani, ameoa mwaka ule. Alitazama chini, akingʼoa nyasi. Kisha akasema, "Baba, naogopa. Mke wangu ana mimba. Sitaki kusema uongo mbele ya kaka. Siwezi."

Kaka alimtazama tu, na kwikwi ikamkata katikati. Halafu wote watatu wakanigeukia mimi.

Nikasema, "Mimi nitatoa."

Baba aliinama akafunika uso kwa kofia yake. Sikuwahi kumwona akilia tangu mama alipokufa. Kaka alinyoosha mkono kutoka chini ya blanketi, ule mkono uliovimba, akanishika kifundo cha mkono, akaniita mdogo wangu. Akamwambia baba, "Unaona? Huyu ndiye aliyenicheka Iringa." Alisema kwa furaha. Mdogo wetu aliinuka akaenda zake kuelekea getini, na baba akasema nyuma yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba asimwite baba tena.

Nilijitetea moyoni kwa kila namna. Kwamba mtu anayekufa apewe neno zuri. Kwamba nitarekebisha mambo baadaye. Lakini nilikuwa nimeahidi kitu nilichojua hakuna mtu atakayekuja kukidai, na nilijisikia vizuri. Ile jioni yote nilitembea wodini nikijisikia mtu mkubwa.

Kuanzia hapo kaka aliniuliza kila asubuhi, "Lini?" Nilimwambia daktari anasubiri vifaa kutoka Dar es Salaam. Nikamwambia lazima kwanza damu yake itulie. Alitaka kujua watanikata wapi, nikamwonyesha kwa kidole ubavuni, juu ya gauni langu jeupe, na mahali watakapomkata yeye. Nilibuni yote. Aliuliza kama nitaumia. Nilimwambia nitalala usingizi, sitasikia kitu. Akasema hilo limemtuliza, maana anajua maumivu ya chuma, asingependa niyapate.

Wagonjwa mahututi walipewa yai la kuchemsha asubuhi. Kaka aliacha kula lake. Aliliweka chini ya mto, na nilipoingia zamu alinipa, ili figo yangu ipate nguvu kabla hajaipokea. Nilikataa siku ya kwanza. Akakasirika, akasema nisiihujumu figo yake. Nikalimenya, nikalila nimesimama pale, yeye akitazama mpaka tonge la mwisho. Nililila siku sita.

Mdogo wetu alikuwa akija kila siku mpaka getini. Kaka alikataa asiingie. Bawabu aliniuliza afanye nini, kijana anaomba sana, amemletea kaka maziwa ya mgando aliyokuwa akiyapenda. Nilimwambia bawabu afuate matakwa ya mgonjwa. Nilipopita dirishani nilimwona ameketi ukingo wa mtaro, kibuyu katikati ya magoti. Siku moja nilimwona akizungumza na daktari karibu na gari lake, ameshika kofia kwa mikono miwili. Sikutaka kujua wanazungumza nini.

Kaka alifariki mchana, saa ya wageni. Alianza kudai kwamba chumba kimejaa inzi, kisha degedege likamkamata, likamwachia, likamkamata tena. Baba alikuwepo. Kati ya degedege moja na jingine kaka aliniambia niwahimize, yuko tayari. Nilimwambia wanakuja. Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu.

Tulimzika kilimani, ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya pareto, watu wanaonana mabega tu. Ilipofika zamu ya ndugu kutupa udongo, baba alinisogeza mbele. Mdogo wetu aliposogea, baba alimshika mkono mbele ya kanisa zima, akaufungua udongo ukadondoka pembeni. Mzee wa kanisa aliposimama kusema maneno ya faraja, alinitaja kama dada aliyekuwa tayari kupasuliwa kwa ajili ya kaka yake. Wanawake walinishika shika mikono. Mdogo wetu alisimama mbali, karibu na ua wa miti, na mke wake mjamzito ubavuni. Alinitazama mara moja. Nilidhani ni aibu.

Mwezi haukuisha wakahama. Walikwenda kulima mpunga Usangu, upande wa Madibira, kati ya wageni wa kaskazini na ngʼombe wao, mahali ambapo hakuna aliyemjua kama mtu aliyemnyima ndugu yake figo. Kijijini jambo hilo lilikuwa limekwisha kuwa jina lake.

Ilinichukua miaka minne kumfuata. Nilipanda lori la mpunga kutoka barabara kuu, nikamkuta shambani, maji yamefika magotini. Alitoka, akanawa, akaniamkia, "Shikamoo dada," kama kawaida, akanikaribisha kwenye kigoda. Alikuwa na watoto wawili. Yule aliyekuwa tumboni alikuwa msichana wa karibu miaka minne, akachungulia mlangoni na kurudi ndani.

Nilimwambia yote. Kwamba nilijua. Kwamba ahadi yangu haikuwa na kitu ndani yake, na yeye peke yake ndiye aliyesema kweli siku ile. Kisha akasema alikuwa anajua.

Siku tatu baada ya kikao kile mawazo yalikuwa yamemnyima usingizi, akamuaga mke wake, akaja kumwambia daktari amebadili nia, wamkate. Daktari ndiye aliyemweleza kwamba hakuna wa kumkata, na kwamba muuguzi ameambiwa hivyo tangu mwanzo.

Nilimwuliza kwa nini hakusema, hata siku ya mazishi.

"Kaka alikuwa anakufa akijua kuna mtu mmoja anampenda," alisema. "Ningemnyangʼanya hata hilo? Na baada ya kufa, ningemwambia baba kwamba hana mtoto hata mmoja?"

Nikaanza kuomba msamaha. Aliinua mkono. "Hayo kamwambie baba, siyo mimi. Ukishamwambia, njoo. Kabla ya hapo usije."

Akarudi majini kwenye mpunga wake. Mke wake aliniletea wali na maziwa, akaviweka mbele yangu, nikala peke yangu mpaka lori lilipopiga honi.

Nyumbani baba alinipokea kwa furaha, akamwambia jirani aliyekuwepo, "Huyu ndiye binti yangu, yule mnayemjua." Akaagiza nichinjiwe kuku. Nilikaa siku mbili nikaondoka. Nilikwenda tena mwaka uliofuata, na uliofuata, kila mara neno likiwa tayari, na kila mara alikuwa na mtu wa kunitambulisha kwake. Alifariki hajamtaja mwanawe wa mwisho hata mara moja. Nilituma barua Madibira kumjulisha. Hakuja, na sikutegemea aje.